Need for Speed Heat: gari linasikiliza kidole cha mafuta, si cha breki

Birere_Usiku (Goma)

Habari zenu wakubwa, salamu kutoka Goma.

Najua gemu hii si ya jana. Ilitoka tarehe 8 Novemba 2019, na walio mbele wameshahamia Unbound, gemu iliyoifuata kwenye mfululizo huu, ya Desemba 2022. Lakini Unbound haikutengenezwa kwa PS4, na hapa mtaani kwetu mashine ninayoikuta kwa wenzangu ni PS4, au PS2 ambayo bado inapumua. Kwa hiyo Heat kwetu bado ni gemu ya kujadiliwa, na mimi nina jambo moja la kusema juu yake: watu wanauhukumu uendeshaji wake kabla hawajaujua. Kila ninayemwona akishika maneti (kile kidhibiti cha mkononi) kwa mara ya kwanza anaingia kona kwa kasi, anagonga kizuizi, anasema "hili gari halikati kona", kisha anataka turudi FIFA. Gari linakata. Ila haliamriwi pale tulipozoea kuliamuru.

Wengi wetu mikono yetu ilifundishwa na Need for Speed Most Wanted ya 2005. Pale mafuta yalikuwa kwenye kitufe cha X, chini ya kidole gumba. Ukiifikia kona unavuta hendibreki kidogo, mkia unachomoka, unaurudisha kwa usukani, unaendelea. Ukichelewa kabisa kuna Speedbreaker, muda unapunguzwa mwendo, unajipanga upya. Miaka yote hiyo vidole vikajua kitu kimoja tu: kona ni breki.

Sasa ingia Heat bila kubadilisha chochote kwenye mipangilio. Kona inakuja, unabana breki. Breki inafanya kazi ya breki, yaani gari linapungua mwendo, pua inazidi kwenda mbele, ukuta huo. Kumbe gemu ilikuwa inangoja kitu kingine: uelekeze usukani ndani ya kona, uachie R2, kitufe cha mafuta, mara moja, halafu uikanyage tena. Hapo mkia unatoka na gari linaingia kwenye drifti, yaani linateleza kiubavu. Ukishikilia mafuta na kucheza na usukani, linakwenda hivyohivyo kiubavu hadi mwisho wa kona. Ukinyoosha usukani linashika barabara tena. Kwa kona nyingi za mjini hutahitaji breki kabisa.

Nasikia watu wakisema huu ni uchawi wa gemu, hauna uhusiano na gari la kweli. Sikubali. Aliyewahi kuona chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ikishuka na magunia kutoka Kibumba anajua mzigo ukihamia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na hapo ndipo kijana anaanza kupigana nayo. Gari nalo ni vilevile. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unaegemea mbele, matairi ya nyuma yanapungukiwa na mgandamizo, mkia unataka kukimbia. Porsche 911, yenye injini nyuma, ilijulikana kwa tabia hiyo miaka mingi, na madereva wake walionywa: usiachie mafuta ndani ya kona. Ukikanyaga tena kwa nguvu wakati mkia umeshaanza kutoka, matairi ya nyuma yanazunguka zaidi ya uwezo wao wa kushika, na drifti inaendelea. Heat imechukua ukweli huo, ikaukuza, ikaondoa adhabu yake. Gari la gemu halitazunguka mara tatu na kutazama lilikotoka. Huo ndio uakedi, yaani mtindo wa mashine za michezo za zamani: sababu ni ya kweli, matokeo yamerahisishwa.

Lakini kuna jambo la pili ambalo naona ni zito zaidi. Uendeshaji unaoupata saa ya kwanza si uendeshaji wa gemu nzima. Mimi nilianza na Nissan 180SX. Ikiwa bado haina kitu ni nyepesi, ina nguvu kidogo, inaelea. Halafu ukienda gereji unakuta mchoro wenye mihimili miwili: mmoja unatoka mashindano kwenda drifti, mwingine unatoka lami kwenda vumbi. Kila seti ya shokabu, kila tairi na kila difu inalisogeza gari lako kwenye mchoro huo. Matairi ya mashindano na shokabu ngumu yakiingia, ile 180SX iliyokuwa inaelea inaanza kushika mstari, na usukani unakuwa na maana hata ukiugusa kidogo. Difu ya drifti ikiingia, gari hilohilo linakuwa kitu kingine kabisa. Nimeona mtu akilinunulia gari nguvu tu, injini juu ya injini, huku chini kuna matairi ya dukani, halafu analalamika kwamba gari halitulii. Litatuliaje?

Sitaki mdhani nimekuja kuisifia tu. Kuna kasoro moja inayoniudhi kweli, nayo inatoka kwenye uamuzi uleule wa mafuta. Kidole kimoja kimepewa kazi mbili. Kwenye barabara kuu ya Palm City, mji wa gemu hii, ile mizunguko mirefu isiyo mikali, dereva yeyote anaachia mafuta kidogo ili gari lirudi ndani ya mstari, kisha anaongeza. Heat inasoma tendo hilo kama ombi la drifti. Hukuomba. Uko kwenye mwendo mkubwa, gari linakwenda kiubavu, mwendo unamwagika, na yule uliyekuwa unamfukuza anapotea. Hapo ndipo nilipofungua mipangilio ya papo hapo, ile inayofunguka kwa mishale ya maneti ukiwa barabarani, nikabadilisha drifti iwe kwa breki. Kwenye menyu hiyohiyo unapunguza au kuongeza wepesi wa usukani, mgandamizo wa hewa unaolibana gari chini, na kile kifaa cha kuzuia matairi yasizunguke bure. Ushauri wangu: gari la mbio, weka drifti kwa breki, gari la drifti, iache ibaki kwa mafuta. Msilazimishe gari moja kufanya yote.

La mwisho, kwa watu wa kwetu. Ile Need for Speed ya 2015 ilikuwa haichezeki bila intaneti. Heat unaicheza peke yako bila mtandao, na ukicheza peke yako unaweza kuisimamisha. Kwa mtu ambaye megabaiti anazinunua kwa kuhesabu, hilo ni sehemu ya gemu kama matairi yalivyo.

Bukavu na Lubumbashi mnaionaje? Njooni tuseme ukweli.

---

Nyawera_Mteremko (Bukavu)

Ndugu wa Goma, nimesoma yote, na mchoro wa gereji umeueleza vizuri. Lakini drifti sikubaliani nawe.

Shida yangu si mafuta wala breki. Shida ni mahali gari linapozungukia. Gari la kweli likianza kuteleza unahisi matairi ya mbele yakiongoza na ya nyuma yakifuata, kila upande na hoja yake. Kwenye Heat, ukishaingia drifti, gari linazungukia katikati, chini ya kiti cha dereva, kana kwamba matairi manne yameacha kazi na mtu mwingine ameshika usukani. Pembe inatengenezwa na gemu. Mimi naomba tu. Kwenye Need for Speed Carbon ya 2006, ile drifti ya milimani, ulikuwa unaitafuta pembe mwenyewe na ukiikosa unaanguka bondeni. Hapo ndipo raha ilipokuwa.

Mimi ni mtu wa Bukavu, barabara zetu zinapinda na kupanda tangu Nyawera hadi Kadutu, najua kona ni nini. Kona ina mwanzo, ina tumbo, ina mwisho. Heat inaifanya kuwa kitu kimoja: bonyeza, teleza, toka.

Na nadhani chanzo kinajulikana. Injini ya gemu, yaani programu inayoiendesha, ni Frostbite, iliyotengenezwa na studio ya DICE kwa ajili ya Battlefield, gemu ya vita. Ni injini ya bunduki. Utaitoaje gari ndani yake?

---

Birere_Usiku (Goma)

Ndugu Nyawera, asante kwa kuja na hoja. Ya kuzunguka katikati nakubali kwa kiasi, hasa kwa magari ambayo hayajafungwa kitu. Ya Frostbite sikubali hata kidogo.

Angalia: Rivals ya 2013 ni Frostbite. Ile ya 2015 ni Frostbite, Payback ya 2017 ni Frostbite, Heat ni Frostbite, na Unbound ya studio ya Criterion pia. Chukua hizo tano, zicheze moja baada ya nyingine, hakuna mbili zinazokata kona sawa. Ya 2015 ilikuwa na vipimo vingi vya kusogeza gari kati ya drifti na kushika barabara. Payback ikaleta zile kadi za kuboresha gari, ukafika mahali unafikiria kadi kuliko shokabu. Injini ni ileile, magari ni tofauti. Kwa hiyo tabia ya gari inaamuliwa na waliokaa wakapima, na kwa Heat ni Ghost Games wa Gothenburg, Sweden. Ndiyo gemu yao ya mwisho kwenye mfululizo huu. 2020 kampuni ya EA, mwenye mfululizo, ikaurudisha kwa Criterion.

Tena hii drifti ya mafuta haikuzaliwa Sweden. Ridge Racer ya Namco, mwaka 1993, kwenye mashine za akedi, ilikuwa hivyohivyo: achia mafuta, geuza usukani, kanyaga tena. Mwaka uliofuata ikatoka pamoja na PlayStation ya kwanza huko Japani. Ile ya kugusa breki ni njia nyingine, wengi wetu tuliijua kwa Criterion, kwenye Burnout na baadaye Hot Pursuit ya 2010. Kwa hiyo kuna njia mbili za zamani zinazoheshimika, na Heat imeziweka zote kwenye menyu. Mimi hapo nawapongeza. Kosa lao ni kuanza na ile ambayo mikono ya wachezaji wengi wa Need for Speed haikuijua, na kuiacha ifanye kazi hata kwenye mizunguko mirefu.

Carbon nakuachia. Zile mbio za milimani zilikuwa na hofu ya kweli, na Heat haina hofu hiyo. Kwenye Heat ninachoogopa ni polisi, kona haziniogopeshi. Lakini jaribu hili: chukua gari unalolitumia, toa matairi uliyonayo, funga ya mashindano pamoja na shokabu zake, weka drifti kwa breki, punguza wepesi wa usukani kidogo. Halafu urudi useme kama bado linazungukia katikati.

---

Katuba_Klavye (Lubumbashi)

Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi, Katuba, na nachezaka kwa kompyuta, na klavye (kibodi), maneti sina.

Bengi banasema klavye ni mbaya kwa gemu ya magari, juu kitufe kiko na mambo mawili tu: kimebonyezwa ao hakibonyezwe. Usukani ni kushoto yote ao kulia yote, hakuna katikati. Ni kweli. Lakini sikilizeni: kwa Heat hii ya mafuta, klavye njo inafaa! Kuachia kitufe na kukibonyeza tena ni kazi ya kidole kimoja, haraka sana, na gemu inaisikia palepale. Kwa usukani, miye sibonyeze kwa kushikilia. Napiga kidogo-kidogo, tap tap tap, gari inaingia polepole. Halafu nikashusha ule wepesi wa usukani kwa menyu. Bila kuushusha, gari inaruka-ruka kama haiko na akili.

Kitu kingine benye PS4 mujue: kwa PS4 gemu inaendaka kwa fremu 30 kwa sekunde. Kwa kompyuta yenye nguvu unaipata 60 ao zaidi. Na 30, picha mpya inakuja kila milisekunde 33 hivi. Na 60 ni karibu 17. Munaona ni kidogo, lakini kwa kilomita 200 kwa saa gari inatembea karibu mita mbili kati ya picha moja na ingine. Mita mbili ni mingi kama uko unatafuta mwanya kati ya gari mbili. Nilicheza kwa PS4 ya rafiki pale Kamalondo, gari ilikuwa ileile, vyombo vilevile, lakini ilikuwa nzito, inachelewa. Kwa hiyo mtu akisema "uendeshaji ni muzito", mumuulize kwanza: uko unacheza kwa nini?

Na neno la huzuni: Toyota hakuna. Hapa Lubumbashi barabarani Toyota njo gari ya watu, na volanti (usukani) yake mara mingi iko kuume juu imetoka Japani. Kwa Need for Speed Underground 2 tulikuwa na Corolla AE86, na Supra. Kwa Heat hata moja. Nikaijenga 180SX juu ni ya Japani nayo, lakini roho bado inataka Supra.

---

Mwenye_Sale (Goma)

Vijana, naomba niingie. Nina sale ya mchezo, yaani chumba cha kuchezea gemu, hapa Majengo, vijana wanalipa kwa muda, na maneti zote zinapita mikononi mwangu zikiwa nzima na zikiwa zimekufa. Huyu wa Katuba amegusa jambo ninaloliona kila siku. Nataka kulipeleka mbele zaidi, kwa sababu nadhani nusu ya mnayoyaita uendeshaji wa gemu ni televisheni na maneti.

Televisheni kwanza. Televisheni za kisasa zinaichukua picha, zinaisafisha, zinaongeza rangi, zinalainisha mwendo, ndipo zinaionyesha. Kazi hiyo inachukua muda. Ukitazama filamu hutambui, kwa sababu sauti na picha vinacheleweshwa pamoja. Ukicheza, kidole chako kimeshatenda na picha bado iko jikoni. Kuna televisheni ambazo ucheleweshaji huo unafika sehemu ya kumi ya sekunde. Huyu kijana amehesabu mita mbili kwa fremu. Kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwenye kilomita 200 kwa saa, gari limekwenda mita tano na nusu. Hiyo ni zaidi ya urefu wa gari lenyewe. Mtoto anageuza usukani, haoni kitu, anaongeza, halafu gari linageuka mara mbili ya alivyotaka. Anasema gemu ni mbovu. Ingieni kwenye menyu ya televisheni, si ya PlayStation, tafuteni modi ya gemu, iwasheni. Karibu kila televisheni bapa ya miaka ya karibuni inayo. Picha itapungua urembo kidogo, mkono utapona.

Maneti sasa. Heat inategemea R2 kuliko gemu nyingine yoyote ya magari niliyoweka hapa, kwa sababu drifti inaanza pale unapoachia. Maneti ya kwangu ikichoka, springi ya R2 hairudi hadi juu. Mchezaji ameondoa kidole, lakini gemu bado inaona mafuta kidogo. Kwa gemu hiyo, hakuachia. Drifti haitoki. Nimewaona vijana wakigombana na gari kumbe wanagombana na springi ya senti chache. Jaribio ni jepesi: simamisha gari kabisa kwenye barabara tambarare, toa mikono yote. Likisogea mbele lenyewe, R2 imekwisha.

Na ile fimbo ya kushoto. Ndani yake kuna vipande vinavyosuguana kila unapoisukuma, na vinalika. Ikishalika, katikati yake inahama. Gari linavuta upande mmoja kwenye barabara iliyonyooka. Hapa kwangu maneti zinazotumika na FIFA zinaharibika fimbo haraka, kwa hiyo maneti ya mbio nimezitenga na ya mpira. Wateja walinung'unika mwanzoni. Sasa wenyewe wanaziomba.

Simkatai Nyawera. Lakini kabla ya kusema gari linazungukia katikati, mtu ajue anachokizungusha ni nini.

---

Dada_wa_Kadutu (Bukavu)

Asante papa kwa hayo ya R2, nimelifanya lile jaribio sasa hivi na gari langu limetambaa lenyewe! Sasa nimeelewa.

Kaka wa Birere, swali langu ni la usiku. Mchana naendesha vizuri, nashinda. Usiku ukiingia gari lilelile linakuwa la mtu mwingine. Mvua, lami inang'aa, polisi nyuma, na mimi nakwenda kiubavu hata nisipotaka. Naikusanya Rep (pointi za sifa) nyingi halafu nakamatwa karibu na gereji na sehemu kubwa inapotea. Je, barabara ya usiku inateleza kweli au ni macho yangu? Na je, nijenge gari mbili?

---

Birere_Usiku (Goma)

Dada, hilo swali ndilo moyo wa gemu hii na mimi kwenye uzi wangu nililiruka.

Kwanza jinsi siku ilivyogawanywa. Mchana unashindana kihalali, unapata pesa. Usiku ni mbio za haramu, unapata Rep, na kiwango cha polisi kinapanda kutoka 1 hadi 5. Kadiri kilivyo juu ndivyo Rep yako inavyozidishwa, na ni mpaka ufike gereji salama ndipo nyongeza hiyo inakuwa yako. Gari lina uhai wake, na usiku mmoja unaruhusiwa kulitengeneza kwenye kituo cha mafuta mara tatu tu. Ukielewa hivyo utaona kwamba usiku gari linaombwa kazi nyingine kabisa. Mchana unatafuta mstari mzuri. Usiku unatafuta kuponyoka.

Kuhusu kuteleza, mimi sitakupimia lami, ila nitakuambia ninachokiona kwenye mikono ya watu. Mtu anayefukuzwa hashikilii mafuta. Anaachia, anakanyaga, anaachia, kwa sababu ya woga na kwa sababu ya magari ya raia yanayotokea mbele. Sasa kumbuka kuachia na kukanyaga ni amri ya nini. Ndiyo maana unakwenda kiubavu usipotaka! Hofu yako inaandika drifti. Kwa gari la usiku weka drifti kwa breki, dada, bila kujadiliana.

Na ndiyo, jenga mawili. La mchana matairi ya mashindano, shokabu ngumu, difu ya mashindano, lishike lami. La usiku usilipeleke mwisho wa mchoro. Liache karibu na katikati, lisogee kidogo upande wa vumbi, kwa sababu njia nzuri ya kuwakimbia polisi ni kutoka barabarani: nyasi, uwanja, matuta, kuruka. Gari lililofungwa kwa lami tupu likiingia kwenye majani linakuwa kipofu, na lile jeshi la magari mazito ya polisi wa kiwango cha juu halikungoji ujipange. Nguvu za injini zije baadaye. Nitakuambia hata zaidi: usiku nachagua gari linaloondoka haraka likiwa limesimama kuliko lenye mwendo mkubwa wa mwisho, maana ukishasimamishwa, kinachokuokoa ni zile sekunde za kwanza.

Usisubiri kiwango cha 5 ukiwa na Rep nyingi mkononi. Kiwango cha 3, gereji iko karibu, ingia ulale. Asubuhi pesa, jioni tena.

---

Katuba_Klavye (Lubumbashi)

Dada, na ukiwa mu mvua kwa klavye ao kwa maneti, kile kifaa cha kuzuia matairi yasizunguke bure ukiwashe. Bengi banakizima juu baliona kwa video ya bale benye kujua. Bale banajenga gari ya drifti. Weye unakimbia polisi.

---

Nyawera_Mteremko (Bukavu)

Nimerudi. Nimefanya yote: modi ya gemu kwenye televisheni, maneti nimebadilishana na ya ndugu yangu ambayo ni nzima, matairi ya mashindano, shokabu, drifti kwa breki, usukani nimeupunguza.

Ya kwanza: papa Mwenye_Sale ana haki. Televisheni pekee imebadilisha nusu. Sikuwa najua kwamba nilikuwa nachezea picha ya zamani.

Ya pili: kwenye mbio za kawaida gari sasa linashika mstari, na ile mizunguko mirefu ya barabara kuu naipita kwa kuachia mafuta kidogo na kuongeza, kama gari la kawaida, bila mkia kukimbia. Nimeipita kona ileile mara nyingi kwa furaha tu. Birere, hapo umesema kweli.

Ya tatu: drifti yenyewe bado inazungukia katikati. Ni kidogo kuliko mwanzo, lakini naihisi. Nikiwa kiubavu, nikisukuma usukani upande wa pili ili kuongeza pembe, kuna mahali gemu inakataa na kunirudisha kwenye pembe yake. Hilo hakuna tairi litakaloliondoa. Kwa hiyo msimamo wangu sasa: uendeshaji wa mbio ni mzuri kuliko nilivyousema, uendeshaji wa drifti bado si wangu.

Kwa anayetaka njia ya breki ikiwa imekamilika, ndani ya PS4 hiyohiyo kuna Hot Pursuit Remastered ya Novemba 2020. Pale breki ndiyo mwalimu tangu kona ya kwanza na hakuna mchoro wa gereji wa kukuchanganya.

---

Birere_Usiku (Goma)

Nyawera, hilo la pembe nimelijaribu baada ya kukusoma, na ni kweli gemu ina mpaka wake. Nikiwa na difu ya drifti mpaka unasogea mbali zaidi, lakini upo. Sitakubishia.

Ila fanya kitu kimoja kabla hujaiweka kando. Chukua gari jingine kabisa, si lile la mbio, lifunge vyote vya drifti hadi mwisho wa mchoro, rudisha drifti kwa mafuta, zima kile kifaa cha kuzuia matairi yasizunguke bure, nenda zile mbio za pointi za drifti. Usilijaribu barabarani, huko litakuudhi. Kisha andika hapa pembe uliyoipata, ukitaja matairi na difu ulizofunga, na mimi nitafunga hizohizo upande huu wa ziwa tulinganishe.